Filimbi ya Mwalimu Orita

Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya shuleni, mwalimu Orita Kunihiko alikuwa akitapika. Hakuwa mgonjwa wala mlevi. Alifungua bomba mpaka mwisho ili mkewe Fusae asisikie, akainama juu ya sinki, akatoa alichokuwa nacho, akasukutua, akanawa, kisha akatoka bafuni na ule uso ambao mji wetu wote wa Shirase uliujua: uso mkavu kama kigae cha paa. Fusae alisikia kila siku. Alimwekea wali na supu mezani, wala hakuuliza kitu. Naye hakueleza.

Muda mfupi baadaye alikuwa amesimama langoni mwa Sekondari ya Shirase Mashariki, filimbi shingoni, mikono nyuma. Watoto waliokuwa wanacheka tangu kona ya duka la mikate walinyamaza ghafla, kana kwamba mtu amezima redio. Msichana ambaye sketi yake ilipanda juu ya goti aliishusha kabla hajaambiwa. Mvulana ambaye kola yake ilikuwa wazi aliifunga huku anakimbia.

"Habari za asubuhi, mwalimu!"

"Kajitani. Simama."

Kajitani alikuwa wa mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, kijana mwenye mabega ya mbeba mizigo na mdomo usiotulia. Alisimama wima kama nguzo.

"Kichwani humo unafuga kuku?"

"Hapana, mwalimu!"

"Kesho nisikione hicho kiota."

"Ndiyo, mwalimu!" Akainama mpaka begi likamwangukia kisogoni. Alipofika mbali kidogo, rafiki yake Ebina, mdogo wa umbo kuliko wote darasani, akamnong'oneza: "Oya, ukinyoa usitupe mayai. Mama yangu atayakaanga." Kajitani akamzaba kofi la mgongo, wakakimbia huku wamejiziba midomo.

Orita alisikia. Hakugeuka. Ndani ya suti yake ya michezo jasho lilikuwa linamtiririka, ingawa jua lilikuwa bado halijapanda.

Maana hiyo ndiyo siri ya mtu huyu ambaye shule nzima ilimwogopa. Yeye ndiye aliyekuwa anawaogopa wao.

Alizaliwa hapa hapa Shirase, mtoto wa mchoma vigae, mwembamba, mwenye kikohozi. Aliingia sekondari hii hii miaka ile ambayo shule za nchi nzima zilikuwa zimechafuka. Sisi tuliozaliwa baadaye tunadhani habari zile zimetiwa chumvi. Hazikutiwa. Vioo vya madirisha vilivunjwa, vikawekwa vingine, vikavunjwa tena. Pikipiki zilipita kwenye korido. Siku ya mahafali polisi walisimama langoni, na walimu waliingia darasani wawili wawili, kama watu wanaoingia kwenye banda la mbwa wakali.

Kulikuwa na mwalimu wa muziki, mzee Yoshimura, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kufunga macho anapopiga kinanda. Mchana mmoja wavulana wakubwa walimburuta hadi uwanjani, wakampigisha magoti, wakamwambia aweke viganja mchangani kama mtoto anayetambaa. Kisha wakamkalia mgongoni. Akakaa mmoja, akaongezeka wa pili, akaongezeka wa tatu, huku wanacheka na kumwambia aimbe. Mzee Yoshimura hakuimba na hakulia. Aliangalia mchanga tu. Orita aliyaona yote kutoka dirisha la ghorofani. Aliona pia madirisha ya ofisi ya walimu upande wa pili, na nyuso za walimu nyuma ya vioo. Hakuna aliyetoka.

Mzee yule hakurudi tena shuleni. Mtoto wa mchoma vigae alijiapia kwamba maishani mwake hatakuwa mtu wa chini. Akaanza kukimbia, kunyanyua vyuma, kula mara mbili. Kikohozi kikaisha. Akasomea ualimu wa michezo, na miaka mingi baadaye akapangiwa kurudi katika uwanja ule ule, sasa akiwa mkuu wa nidhamu. Shule ilikuwa imeshatulia wakati huo. Watoto walikuwa watoto wa kawaida, wanaochelewa na kusahau vitabu. Lakini kila walipokusanyika zaidi ya watano na kucheka, tumbo la Orita lilijikunja.

Kwa hiyo aliwaletea piramidi.

Si yeye aliyeibuni. Karibu kila shule ya huku kwetu ilikuwa nayo kwenye tamasha la michezo: watoto wanapiga magoti na viganja mchangani, bega kwa bega, wengine wanapanda migongoni mwao, na wengine juu ya hao, mpaka mmoja anasimama kileleni na kunyoosha mikono. Shule nyingine zilifika tabaka tano, nyingine sita. Orita alifika saba, akafika nane, akafika tisa. Shule jirani zilikuja na kamera kujifunza. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mtukutu alimshika mwalimu mkono mbele ya watu, akalia: "Mwalimu, mwanangu sasa anajua kuvumilia."

Na watazamaji wengine nao wakalia. Watu wazima tuna ugonjwa huu: machozi yakitutoka tunadhani tumeona jambo jema. Hakuna aliyejiuliza mtoto wa chini kabisa, wa katikati, amebeba nini. Kwa tabaka kumi anabeba uzito wa pikipiki kubwa, pikipiki inayopumua na kutetemeka, na hawezi kuitua.

Sheria za Orita zilikuwa chache, na alizirudia mpaka watoto wakaziota. Hakuna anayesogea bila filimbi. Hakuna anayepanda, anayeshuka, anayesimama bila filimbi. Na walio chini hawasemi. "Mmoja akipiga kelele kwamba anaumia," aliwaambia, "walio juu watashtuka, na wote mtaanguka. Mnataka kuwavunja wenzenu?"

"Hapana, mwalimu!"

"Basi mnavumilia?"

"Tunavumilia, mwalimu!"

Mwaka ninaousimulia, shule ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Mwalimu mkuu Hamasaki, mtu mnene, mcheshi, mpenda wageni, alitangaza kwenye kikao cha walimu kwamba sherehe kama hiyo inastahili kitu kikubwa.

"Tabaka kumi," alisema, akasugua mikono kama mtu anayekaribishwa mezani. "Meya atakuja. Wazee wa darasa la kwanza kabisa kuhitimu hapa watakuja. Mwalimu Orita, inawezekana?"

Kabla Orita hajafungua kinywa, mama Tokunaga, muuguzi wa shule, alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi anayeongea haraka haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Mwalimu mkuu, naomba. Tangu mazoezi yaanze nafunga mikono na viuno kila siku. Mwaka jana mmoja alipelekwa hospitali. Tabaka kumi ni juu kuliko paa la nyumba. Yule wa juu akianguka…"

"Mama Tokunaga, watoto wakicheza mpira hawaumii?"

"Wakicheza mpira hawakaliwi mgongoni na wenzao."

Neno hilo lilimchoma Orita kama sindano. Walimu wengine waliangalia vikombe vyao vya chai. Mkuu alicheka kidogo. "Mwenye kujua ni mwalimu Orita. Tumwachie yeye. Eti, mwalimu?"

Nyuso zote zikamgeukia. Alijua jibu. Mwaka uliotangulia, kwenye tabaka tisa, miguu yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka alipokuwa amesimama chini na filimbi mdomoni. Lakini kusema "haiwezekani" mbele ya watu wote hawa kungekuwa kukiri kwamba anaogopa, na mtu aliyekiri mara moja, nani atamwogopa kesho langoni?

"Inawezekana," alisema.

Mama Tokunaga akaketi taratibu, bila kumwangalia.

Mazoezi yalianza upya mwanzoni mwa Septemba, baada ya likizo, joto bado kali, mchanga wa uwanja unaunguza viganja. Kajitani aliwekwa katikati ya tabaka la chini, mahali penye uzito wote, kwa sababu hakuna mwingine mwenye mgongo kama wake. Ebina aliwekwa kileleni kwa sababu hakuna mwingine mwepesi kama yeye. Wenyewe walifurahi.

"Mimi ndiye mfalme," Ebina alisema akifunga kitambaa cheupe kichwani. "Wewe ni kiti changu."

"Kiti chako kimeshiba maharage. Angalia kisikurushe."

"Shika nafasi!" alifoka Orita, wakanyamaza.

Siku moja walifika tabaka la nane. Piramidi ilikuwa inapumua mbele yake kama mnyama mkubwa. Ndipo Orita aliposikia mlio. Ulikuwa mdogo sana, kama kijiti cha kulia wali kinachovunjwa mkononi. Ulitoka chini, ndani, katikati.

Alipuliza mara mbili fupi, amri ya kushuka. Wakashuka kwa utaratibu. Akawapanga mstari.

"Nani ameumia?"

"Hakuna, mwalimu!"

Sauti zaidi ya mia, kwa pamoja, kama ukuta. Orita alipita mbele yao akiwaangalia mmoja mmoja. Wote walikuwa wametoa macho mbele, videvu juu. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote aliisikia vizuri ile "hakuna", na ngozi ya mgongo ilimsisimka.

Kesho yake langoni Kajitani alifika amenyoa. Begi alilishika kwa mkono wa kushoto.

"Mkono wa kulia una nini?"

"Mzima, mwalimu!"

"Nionyeshe."

Kijana alinyoosha mkono na kuufungua na kuufumba mbele yake, haraka, huku anatabasamu. Kifundo kilikuwa kimevimba kidogo. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Orita aliona, na hapo ndipo alipopaswa kumshika bega na kumpeleka kwa mama Tokunaga. Badala yake alifikiria katikati ya tabaka la chini pakiwa wazi. Alifikiria mkuu akisugua mikono, meya kwenye hema, wazee wa darasa la kwanza.

"Nenda darasani," alisema.

Siku zilizofuata tumbo lilimsumbua hata mchana. Chakula hakikupita. Darasani, katikati ya sentensi, alisikia ule mlio wa kijiti. Usingizini alimwona mzee Yoshimura mchangani, ila mgongoni mwa mzee walikuwa wamekaa watoto kumi, ishirini, mpaka mawinguni, na wote walikuwa wamenyamaza.

Siku moja kabla ya tamasha alimwita Kajitani kwenye chumba cha vifaa, kati ya mipira na magodoro ya sarakasi.

"Sikiliza. Kesho nitasimama mbele yako, karibu. Ukizidiwa, usipige kelele. Nyoosha kidole kimoja tu mchangani. Nitakiona, nitawashusha wote, na hakuna atakayejua ni wewe. Umeelewa?"

Macho ya Kajitani yaling'aa. Mwalimu Orita hakuwahi kumpa mtu siri. "Kidole gani, mwalimu?"

"Chochote. Isipokuwa hicho unachokifikiria."

Kijana aliangua kicheko, kisha akakikata kwa hofu, akaona kwamba hata mwalimu pembe za mdomo zimemcheza. Akainama sana. Alitoka akikimbia. Orita alibaki amekaa kwenye godoro. Alijiambia kwamba sasa mambo ni salama, kuna alama, kuna makubaliano. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Siku ya tamasha kulikuwa na jua lisilo na wingu. Tangu asubuhi familia zilikuwa zimetandika maturubai ya buluu kuzunguka uwanja, zimefungua masanduku ya chakula, wali wa kufinyanga, kuku wa kukaanga, mayai ya kukunja. Mababu walijipepea. Chokaa nyeupe ya mistari iling'aa mpaka macho yakauma. Chini ya hema meya alikaa katikati, na mwalimu mkuu Hamasaki alikuwa anamwinamia kila dakika kumweleza jambo. Pembeni, kwenye hema dogo la huduma ya kwanza, mama Tokunaga alikuwa amesimama, mikono imekunjwa kifuani.

Muziki ulizimwa. Watoto waliingia miguu mitupu, wakajipanga. Orita alitembea hadi katikati ya uwanja na kusimama hatua chache mbele ya Kajitani. Mdomo wake ulikuwa mkavu hata filimbi ikamganda kwenye midomo.

Akapuliza. Tabaka la chini likapiga magoti, likaweka viganja. Akapuliza. La pili likapanda. Magoti yalizama kwenye migongo, mchanga ukalia. Akapuliza tena, na tena. Kila tabaka lilipopanda, watu walisema "Ooo!" na kila "Ooo" ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Orita hakuangalia juu. Aliangalia vidole.

Vidole vya Kajitani vilikuwa kumi, vyote vimekunjwa, vimeng'ang'ania mchanga. Hakuna kilichonyooka.

Tabaka la sita. La saba. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimemteleza kijana, amekiuma kwa meno. Hakuna kidole. Tabaka la nane, piramidi ikayumba kushoto, wanawake wakapiga ukelele, ikatulia. Mikono ya watoto wa chini ilikuwa inatetemeka yote, kama majani. La tisa. Uwanja mzima ukawa kimya, hata watoto wachanga. Ebina alikuwa anapanda, mwepesi, mgongo hadi mgongo, mpaka akawa juu kabisa, amechuchumaa, amesubiri. Ilibaki filimbi moja ndefu tu ili asimame na kunyoosha mikono.

Orita alivuta pumzi.

Hakuna kidole, alijiambia. Hajazidiwa. Tulikubaliana.

Kisha aliangalia mkono wa kulia wa Kajitani vizuri. Kiganja hakikuwa chini. Kijana alikuwa amejiegemeza juu ya ngumi iliyopinda upande, na kifundo kilikuwa kimekaa mahali ambapo kifundo cha mtu hakikai. Rangi ya ngozi ilikuwa kama nta. Na macho ya Kajitani yalikuwa wazi, yameangalia mchanga. Hayakuwa na hasira wala hayakuomba kitu. Yaliuangalia mchanga tu. Orita aliyajua macho hayo. Aliwahi kuyaona kutoka dirisha la ghorofani, na sasa akakumbuka pia nyuso zilizokuwa nyuma ya vioo, akajua yeye ni uso upi.

Hofu yote aliyokuwa akiitapika asubuhi kwa miaka na miaka ilimpanda kwa mkupuo mmoja. Akipuliza kwa ghafla, Ebina anaweza kushtuka na kuanguka kutoka juu kuliko paa. Akichelewa, mkono ule utaachia na wote watamwagikia ndani, juu ya Kajitani.

Akapuliza mara mbili, fupi, kwa upole wote aliokuwa nao.

Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea. Kisha Ebina, kule juu, akageuza mguu, akaanza kushuka. Wakashuka. Tabaka kwa tabaka, jinsi walivyofundishwa, bila mmoja kukosea. Watazamaji wakatoa "Aaaa" ndefu ya masikitiko, kama watu walionyang'anywa sahani.

Wote walioshuka walipiga magoti mchangani, kama amri ilivyo, wakisubiri. Kajitani hakuinuka kutoka pale alipokuwa. Orita alimwendea, akapiga magoti.

"Kidole kilikuwa wapi? Kajitani, tulisemaje? Kidole kilikuwa wapi?"

"Samahani, mwalimu. Nimewaharibia wote."

"Jibu nililokuuliza!"

Kijana alimwangalia, uso umejaa mchanga na kamasi. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Ulisema ninyooshe nikizidiwa. Sasa mimi sikujua, mwalimu. Kwamba ndiyo nimezidiwa. Nilidhani labda ndivyo inavyokuwa."

Orita alikuwa amewafundisha kuvumilia miaka yote hiyo, na hakuna hata siku moja aliyowaambia uvumilivu unaishia wapi.

Ndipo makofi yalipoanza. Yalianzia kwenye maturubai upande wa mashariki, ya watu wawili watatu, kisha yakashika uwanja mzima, kwa mpigo mmoja, na sauti juu yake: "Tena! Tena! Tena!" Walikuwa wanatabasamu. Walidhani wanawatia moyo. Wazee wa darasa la kwanza walipiga makofi. Kina mama walipiga makofi huku wanafuta machozi. Miongoni mwa watoto waliopiga magoti mtu mmoja alianza kulia kwa sauti, akafuata mwingine.

"Mwalimu, tunaomba tena!"

"Tutaweza, mwalimu! Mara moja tu!"

"Usituache hivi!"

Mwalimu mkuu alikuja mbiombio kutoka hemani, kipaza sauti mkononi, amekiziba kwa kiganja. "Mwalimu Orita, vizuri sana, umewashusha salama. Sasa wape nafasi. Unawasikia watu?"

"Mkono wake umevunjika."

Hamasaki aliuangalia ule mkono, akaondoa macho haraka. "Basi apumzike. Weka mwingine hapo."

"Nani?"

"Mwalimu, una watoto zaidi ya mia hapa."

Kajitani alikuwa anajaribu kujiinua kwa mkono mmoja. "Naweza, mwalimu mkuu. Nitatumia wa kushoto. Huu wa kulia nitauegemeza tu."

Hapo Orita aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Hakuogopa watoto wala watazamaji. Aliiogopa filimbi iliyokuwa inaning'inia kifuani mwake, kipande kidogo cha chuma. Alijua akiipuliza sasa wangepanda. Wote. Mtu yeyote angewekwa katikati angekubali, na angesema "mzima, mwalimu".

Aliivua shingoni, akaifumba ndani ya ngumi. Kisha akamshika Kajitani kiunoni, akamsimamisha.

"Unaenda wapi?" alisema mkuu. "Orita! Meya yupo!"

"Hakuna anayesogea bila filimbi," Orita alisema. "Na filimbi naondoka nayo."

Akatembea. Uwanja ule, aliouvuka maelfu ya mara, ulikuwa mpana kama jangwa. Kijana alikuwa mzito, ananuka jasho na chokaa, na kila hatua alikuwa anasema "samahani". Makofi yaliendelea nyuma yao, yakaanza kuachana mpigo, yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja aliyekuwa haelewi, kisha naye akaacha. Mama Tokunaga aliwakimbilia na ubao wa kufungia mkono na bendeji. Alimpokea Kajitani, akamkalisha, akauangalia mkono, akasema taratibu, "Nyamaza, mwanangu, imetosha kuomba samahani." Kisha akamtazama Orita, na Orita akainama mbele yake mpaka chini, kama watoto wanavyoinama langoni.

Alipoinuka aligeuka kuangalia uwanja.

Walikuwa bado wamepiga magoti. Jua la mchana lilikuwa juu ya vichwa vyao, mchanga unawaka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama. Hakuna aliyekuwa amekaa vizuri wala kufuta uso. Zaidi ya watoto mia, viganja juu ya mapaja, vichwa chini, kimya. Wazazi wao walikuwa pale pale wanawaangalia, na hakuna aliyewaita. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama katikati yao na kipaza sauti chake, hajui la kufanya.

"Inukeni!" Orita alipaza sauti.

Vichwa viliinuka. Miili haikuinuka. Macho yao yote yalienda kifuani kwake, mahali filimbi inapokaa.

Aliihisi ndani ya ngumi, ina jasho, ina joto. Mpulizo mmoja tu na wote wangesimama. Badala yake alirudi uwanjani, akaanza na mstari wa kwanza. Alimgusa wa kwanza begani. "Inuka, Mizobe." Akamgusa wa pili. "Inuka, Sudo." Baadhi aliwashika kwapani akawanyanyua, kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mwanamke mmoja alitoka kwenye turubai lake akaja kumshika mtoto wake mkono, halafu baba mmoja, halafu wengine wawili. Wengi walibaki wamekaa na masanduku yao ya chakula.

Alipofika kwa Ebina, kijana alikuwa bado amepiga magoti.

"Mwalimu, filimbi haijalia."

"Haitalia, Ebina. Inuka tu."

Ebina alimwangalia mwalimu, akamwangalia mkuu, akaangalia hema. Kisha akaweka mkono mmoja mchangani na kuanza kusimama, polepole, akigeuka kushoto na kulia kama mtu anayeiba.